Mbwa aliyegongwa barabarani

Swali: Mbwa wa mtaani akigongwa na tuktuk hapa Bombolulu, atunzwe vipi hadi apate mwenyewe?

Jibu: Mbwa mwenye maumivu huuma hata kama ni mpole. Mdomo wake hufungwa kwa kitambaa, isipokuwa anapotapika au kuhema kwa shida, kisha hubebwa juu ya ubao bila kukunjwa mgongo. Aliyeumwa naye huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu huenda hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Daktari wa mifugo hutazama ufizi: ukiwa mweupe, huenda damu inavuja ndani. Panadol na ibuprofeni asipewe kabisa; humdhuru. Mfupa uliovunjika kwa kawaida huhitaji wiki 6 hadi 8 za kupumzishwa, ndipo matembezi mafupi ya kamba yaanze. Kabla ya kukabidhiwa, mbwa huchanjwa, hupewa dawa ya minyoo na kufungwa kizazi. KSPCA, chama cha kutetea wanyama kilichoanzishwa mwaka 1910, hutafutia mbwa kama hawa makao.

Anayemchukua ahakikishe ana ua, muda na pesa za chanjo ya kila mwaka.