Mkopo Umesamehewa, Kodi Je?

Uchukuliwe mgahawa mdogo wa mtu mmoja huko Massachusetts. Mgahawa ni wa kubuni, hesabu ni za sheria. Mwaka 2020 uliuza chakula cha dola 180,000. Mwenyewe alipata mkopo wa PPP, ule mpango wa serikali ya Marekani wa kulinda mishahara wakati wa korona, wa dola 100,000. Zote zikaishia kwa wapishi na wahudumu. Gharama nyingine zilimla dola 60,000. Benki ikaletewa stakabadhi, mkopo ukasamehewa wote.

Kwa daftari la Washington, yaani serikali ya shirikisho, faida yake ni dola 20,000. Kwa daftari la jimbo, kama sheria ilivyosomeka mwanzoni mwa 2021, ni dola 120,000, kwa kuwa jimbo lilihesabu mkopo uliosamehewa kuwa mapato. Kwa kodi ya asilimia 5, bila kugusa punguzo lake jingine lolote, deni la dola 1,000 linapanda hadi 6,000.

Kichekesho chenye uchungu ni kwamba jirani yake aliyesajili biashara kama kampuni inayojitegemea kikodi hakudaiwa chochote kwa mkopo wa namna hiyo. Kodi ya makampuni ya Massachusetts hufuata sheria ya shirikisho inavyobadilika. Kodi ya mtu binafsi, ambayo ndiyo humgusa mwenye kiduka na wabia wadogo, ilikuwa imefungwa kwenye sheria ya shirikisho kama ilivyokuwa tarehe 1 Januari 2005. Mwaka huo hakuna aliyeota korona. Wabunge wa jimbo walilazimika kutunga sheria ya kuwaokoa wadogo, na Gavana Charlie Baker akaitia saini tarehe 1 Aprili 2021.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo mfanyabiashara anapaswa kulijua ni kwamba msamaha wa Washington hauyafungi majimbo. Kila jimbo lina mamlaka yake ya kutoza kodi na bunge lake la kuamua. Yako yanayofuata sheria ya shirikisho papo kwa papo, yako yaliyojifunga kwenye tarehe fulani, na yako yanayochagua vifungu. Minnesota, kwa mfano, ilikuwa imesimama tarehe 31 Desemba 2018.

Hata huko Washington mambo hayakunyooka. Sheria ya tarehe 27 Machi 2020 ilisema mkopo uliosamehewa si mapato. Mwezi uliofuata mamlaka ya kodi, IRS, ikatoa tafsiri yake: sawa, si mapato, lakini mishahara na kodi ya pango vilivyolipwa kwa fedha hizo visitolewe kwenye hesabu kama gharama. Mkono mmoja ukatoa, mwingine ukapokonya. Bunge la Marekani liliifuta tafsiri hiyo kwa sheria iliyosainiwa tarehe 27 Desemba 2020, na mzozo ukahamia majimboni.

Waliopinga msamaha wa majimbo walikuwa na hoja ya kihasibu isiyo dhaifu: fedha zisizotozwa kodi zikitumika kupunguza faida inayotozwa, mtu anapata nafuu mara mbili. Na hazina za majimbo zilikuwa na mashimo. Wisconsin ilikadiria kukosa kama dola milioni 540, lakini Gavana Tony Evers akasaini sheria ya msamaha mwezi Februari 2021. California ikaruhusu kutoa gharama zilizolipwa kwa mkopo huo kwa biashara ambayo mapato yake yaliporomoka angalau asilimia 25 katika robo moja ya mwaka 2020, na makampuni yanayouza hisa sokoni yakaachwa nje. Virginia iliweka ukomo wa dola 100,000 kwa gharama hizo. Kwa mizani ya haki, waliotetea msamaha wanaelekea kuwa na uzito zaidi: mwenye duka alilipa mishahara akiamini neno la serikali, na fedha hazikulala mfukoni mwake.

Palizuka na hofu nyingine. Sheria ya misaada ya Machi 2021 iliyakataza majimbo kutumia fedha zake kufidia punguzo la kodi. Je, kufuata msamaha wa PPP ni kupunguza kodi? Mwezi Aprili Wizara ya Fedha ya Marekani ilijibu kwamba hapana.

Majimbo yaliyochelewa zaidi yaliwaumiza walipakodi waliowahi. Minnesota, ambako Wakenya wengi wameweka makazi, ilisaini sheria yake tarehe 1 Julai 2021, wakati siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ilikuwa imepita tangu tarehe 17 Mei. Zaidi ya ritani 540,000 ziliguswa na mabadiliko hayo, pamoja na yale ya malipo ya wasio na ajira. Nyingi zilirekebishwa na ofisi ya kodi yenyewe, wengine ikawabidi wajaze upya. North Carolina ilingoja hadi Novemba.

Aliyelipa kabla ya sheria kubadilika alikuwa na haki ya kudai alichozidisha, lakini haki hiyo ina saa. Kwa kodi ya shirikisho kanuni ya kawaida ni miaka mitatu tangu ritani kuwasilishwa. Majimbo yana muda wake. Kwa ritani nyingi za 2020 mlango umeshafungwa.

Mlango wa ukaguzi haujafungwa kwa kasi hiyo. Kanuni za PPP zinadai kumbukumbu zitunzwe miaka sita tangu siku mkopo uliposamehewa au kulipwa wote, na tangu Agosti 2022 serikali ina miaka kumi ya kushtaki udanganyifu. IRS ilisema mwaka huohuo kwamba msamaha uliopatikana kwa maelezo ya uongo unarudi kuwa mapato ya kutozwa kodi.

Barua ya kodi ya jimbo ikifika, usomwe kwanza mwaka unaodaiwa, kisha aina ya biashara, kisha tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, ambayo kwa kawaida imeandikwa humohumo. Majibu yaambatane na barua ya msamaha kutoka benki, orodha za mishahara na ritani ya mwaka husika. Mhasibu aulizwe swali moja kabla ya mengine yote: kwa mwaka huo, sheria ya jimbo hili ilikuwa inafuata sheria ya shirikisho ya tarehe gani?