SOMO LA 12: KUPANDA MLIMA KWA BAISKELI HADI BWAWA LA MONT CENIS

Wewe unaijua baiskeli. Unajua pia jinsi mlima unavyomchosha mtu, hasa kama nyuma kuna gunia la mahindi. Katika somo hili tutapanda mlima mrefu wa Ulaya. Tutajifunza jinsi ya kutunza nguvu zetu, na jinsi ya kushuka salama.

Njia yenyewe

Milima ya Alpi iko Ulaya. Njia ya Mont Cenis inavuka milima hiyo kutoka Ufaransa kwenda Italia. Barabara ya magari ilijengwa kwa amri ya Napoleon, mwanzoni mwa miaka ya 1800. Wakati wa baridi theluji huifunika barabara, nayo hufungwa. Wapanda baiskeli huenda huko wakati wa kiangazi.

Safari inaanza katika kijiji cha Lanslebourg. Kijiji hiki kiko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha njia kiko mita 2,083. Kati yake kuna kilometa 10 za barabara. Kwa hiyo, kila ukienda mita 100, unapanda mita 7 hivi. Barabara haiendi moja kwa moja. Inazungukazunguka mlimani ili mwinuko usiwe mkali mno.

Kazi ya gia

Mtu anayeanza kwa haraka huchoka kabla ya kufika nusu ya njia. Mwenye busara huanza polepole. Hunywa maji kidogo kidogo kabla ya kuona kiu.

Baiskeli nyingi zinazopanda huko zina gia. Nyuma kuna magurudumu ya meno, madogo na makubwa. Ukifika mlimani unahamisha mnyororo kwenye gurudumu kubwa la nyuma. Pedali inakuwa nyepesi. Lakini sasa lazima uizungushe mara nyingi zaidi kwa mwendo ule ule. Je, gia imepunguza kazi? Hapana. Imeigawa tu katika sehemu ndogo ndogo. Ni kama kubeba gunia la mahindi kwa debe, badala ya kulibeba lote mara moja.

Kama baiskeli yako haina gia, shuka uisukume. Si aibu. Moyo na magoti yako vitakushukuru.

Ziwa lililofunika nyumba

Ukivuka kilele, unashuka kidogo na kuona maji mengi ya buluu. Hili ni bwawa la Mont Cenis. Lilikamilika mwaka 1968. Ukuta wake ni tuta la mawe na udongo, lenye kimo cha mita 120 hivi. Bwawa linaweza kubeba zaidi ya mita za ujazo milioni 300 za maji. Theluji ikiyeyuka, maji yake hulijaza. Ufaransa na Italia zinagawana maji hayo kwa kutengeneza umeme.

Lakini kabla ya bwawa, hapo palikuwa na malisho ya ng'ombe. Palikuwa pia na nyumba ya watawa. Kwa zaidi ya miaka 1,000 nyumba hiyo iliwapokea wasafiri waliochoka na kushikwa na baridi. Leo iko chini ya maji. Kando ya ziwa lilijengwa kanisa dogo lenye umbo la piramidi kwa kumbukumbu. Umeme ni faida kubwa, lakini kuna watu waliolipa kwa kupoteza ardhi. Ni vema kuwakumbuka.

Nguvu ya maji

Tufanye hesabu. Mtu na baiskeli yake wana uzito wa kilo 80. Wamepanda mita 680 hivi kutoka kijijini. Kazi ya kupandisha uzito huo ingetosha kuwasha taa ya wati 10 kwa karibu saa 15. Basi!

Sasa fikiri juu ya pipa moja la maji, lita 200. Maji hayo yana uzito wa kilo 200. Yakishuka kimo hicho hicho, yana nguvu mara mbili na nusu kuliko ile. Katika bwawa, kila mita ya ujazo ni mapipa 5. Maji hushuka kwa mabomba mpaka bondeni na kuzungusha mitambo. Ndiyo sababu mabwawa mengi hujengwa mahali pa juu.

Kushuka

Mpanda ngazi hushuka. Hapa ndipo penye hatari kubwa.

1. Kabla ya kushuka, kagua breki zote mbili. Mpira wa breki ukiisha, ubadilishe.
2. Vaa koti au sweta. Huko juu ni baridi, na shati lenye jasho litakutetemesha.
3. Punguza mwendo kabla ya kufika kwenye kona, si ndani ya kona.
4. Usibane breki bila kuachia. Rimu hupata moto, na tyubu inaweza kupasuka. Bana, achia, kisha bana tena.
5. Usibane breki ya mbele peke yake kwa nguvu. Utarushwa mbele.
6. Rimu ikiwa na moto sana, simama upumzike.

Mambo haya sita yanafaa pia kwenye mlima wa kijijini kwako. Kagua breki zako leo, kabla ya safari ya kesho.

Maneno mapya

kimo: urefu wa kwenda juu
theluji: maji yaliyoganda na kuanguka kama unga mweupe
malisho: mahali pa kulishia mifugo
watawa: watu walioacha mambo ya dunia ili kumtumikia Mungu

Maswali

1. Bwawa la Mont Cenis lilikamilika mwaka gani?
2. Je, gia hupunguza kazi yote? Eleza.
3. Ni nini kilichofunikwa na maji?
4. Kwa nini si vizuri kubana breki bila kuachia?
5. Mapipa 3 ya maji ya lita 200 yana uzito wa kilo ngapi?
6. Zungumzeni darasani: bwawa likijengwa, wanaohamishwa wasaidiwe namna gani?