Mbolea Isiingie Lamboni

Mvua ikikatika tazama maji ya lambo. Je, yana utando wa kijani? Utando huo umelishwa na samadi ya zizi na mbolea ya chumvichumvi iliyosombwa na mvua. Fedha yako ya mbolea nayo imekwenda humo.

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi mbolea iliyoyeyuka. Mtoto mchanga akikorogewa maziwa kwa maji hayo, midomo na kucha zake huweza kugeuka rangi ya buluu. Mkimbize zahanati saa hiyo hiyo. Mpaka atimize miezi 6, anyonye maziwa ya mama tu.

Zizi na shamba vikae mbali na lambo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataja mita 60, yaani hatua 80 hivi za mtu mzima. Piga matuta ya kukingama na mteremko. Kati ya shamba na maji acha majani yaote kama ya ngitili, wala ng'ombe wasiingie hapo.