Prosesa mpya kwenye bodi ya zamani: hesabu ya kufanya kabla ya kupanda basi

Mfanyabiashara wa Tarime, Sirari au Mugumu anayeambiwa na fundi kwamba kompyuta yake ya mezani "inataka prosesa mpya" hana budi kuuliza swali moja kabla ya kutoa fedha: mazabodi iliyomo ndani ya kasha ni ya kizazi gani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama atalipia kipande kimoja tu au ataishia kulipia karibu kompyuta nzima.

Suala hili limekuwa zito tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kwa wateja wa kawaida ilitolewa nyongeza ya mwaka mmoja tu. Windows 11 iliyochukua nafasi yake haikubali rasmi prosesa yoyote ya zamani. Kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache sana za kizazi cha saba. Kwa upande wa AMD inaanzia kwenye mfululizo wa Ryzen 2000, nao si wote. Juu ya hayo inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Kompyuta za mitumba aina ya Dell OptiPlex na HP zilizoenea katika maduka ya stesheni na ofisi ndogo, nyingi zikiwa za kizazi cha pili hadi cha saba, zimebaki nje ya mstari huo.

Madhara yake yanafika kwenye biashara yenyewe. Ritani za kodi zinawasilishwa TRA kwa mtandao. Zabuni za halmashauri na taasisi nyingine za umma, tangu mwaka 2023, zinapitia mfumo wa NeST. Mzabuni wa Nyamongo ambaye kompyuta yake inakwama siku ya mwisho ya kuwasilisha hapewi siku ya ziada kwa sababu mashine yake ni nzee. Waliobaki na Windows 7 walikwishaonja hali hiyo mapema mwaka 2023, pale kisakuzi cha Chrome kilipoacha kutoa matoleo mapya kwa ajili yao.

Kusoma kizazi

Wanunuzi wengi husoma kibandiko cha mbele, "Core i5" au "Core i7", na kuridhika. Kibandiko hicho hakisemi kizazi. Kinachosema ni namba inayofuata. Prosesa i5-4590 ni ya kizazi cha nne, i5-6500 ni ya sita, i3-8100 ni ya nane, na i5-10400 ni ya kumi, kwa kuwa hapo tarakimu mbili za mwanzo ndizo zinazohesabiwa. Hivyo i3-8100, yenye koa nne, haipitwi kwa koa na i5-6500, ambayo nayo ina nne, na yenyewe inakubali Windows 11 wakati ile i5 haikubali. Muuzaji anayetaja "i5" peke yake na kuishia hapo hajamwambia mteja chochote cha maana.

Namba hiyo inaonekana bila kufungua kasha, katika ukurasa wa taarifa za mfumo ndani ya Windows. Jina la mazabodi linaonekana kwa kutumia programu ya bure iitwayo CPU-Z. Kazi yote ni ya dakika kumi, na mwenye duka anaweza kuifanya mwenyewe au kumwomba kijana wake wa kuchapa. Ayaandike majina hayo mawili kwenye karatasi, ndipo amwite fundi.

Soketi haitoshi

Prosesa hukaa kwenye tundu lake juu ya mazabodi, yaani soketi. Katika miaka ya katikati ya 1990 mambo yalikuwa mepesi kidogo: soketi iliyoitwa Socket 7 ilipokea prosesa za Intel, AMD na Cyrix, na mafundi wa enzi hiyo walizoea kuchomoa moja na kuchomeka nyingine. Intel ilipotoa Pentium II mwaka 1997 ilikuja na mlango wake yenyewe, na tangu hapo kila kampuni ikashika njia yake.

Kwa Intel, desturi imekuwa kila soketi kuhudumia vizazi viwili, mara chache vitatu. Soketi LGA 1155 ya mwaka 2011 ilipokea kizazi cha pili na cha tatu. LGA 1150 ya mwaka 2013 ilipokea cha nne na prosesa chache za cha tano. LGA 1151 ilianza mwaka 2015 na cha sita, kisha cha saba. LGA 1200 ya mwaka 2020 ni ya cha kumi na cha kumi na moja. LGA 1700, iliyoingia sokoni mwaka 2021, ilibeba cha kumi na mbili, cha kumi na tatu na cha kumi na nne. Mwaka 2024 ikaja LGA 1851.

Hapo kati ndipo penye mtego unaowala wengi. Kizazi cha nane kilipotoka Oktoba 2017, Intel ililiacha jina la soketi lilelile, LGA 1151, na idadi ileile ya vituo. Prosesa ya kizazi cha nane inaingia kwenye mazabodi ya kizazi cha sita bila kusukumwa, kifuniko kinafunga, feni inazunguka, lakini skrini inabaki nyeusi. Sababu ni kwamba mpangilio wa umeme ndani ya soketi ulibadilishwa, na mazabodi za chipseti mfululizo wa 100 na 200 hazikupewa uwezo wa kuitambua prosesa hiyo. Chipseti ni kundi la saketi kwenye mazabodi linalosimamia mawasiliano kati ya prosesa na sehemu nyingine. Kizazi cha nane kinataka chipseti ya mfululizo wa 300. Kwa maneno mengine, ule ukuta wa Windows 11 na ukuta wa mazabodi umesimama mahali pamoja: kati ya kizazi cha saba na cha nane. Mwenye kompyuta ya kizazi cha sita hawezi kuuruka kwa kununua prosesa peke yake, hata akihakikishiwa na nani.

Mtego wa pili ni wa watengenezaji wenyewe. Dell OptiPlex 990 ina soketi LGA 1155, na mtu angetegemea ipokee kizazi cha pili na cha tatu. Haipokei cha tatu, kwa kuwa Dell haikuweka utambuzi huo kwenye BIOS, ile programu ndogo iliyochomwa ndani ya mazabodi inayoiamsha kompyuta. OptiPlex 7010 iliyoifuata inapokea vyote viwili. Kwa macho makasha hayo yanafanana kama mapacha, na kwenye rafu ya mitumba yanakaa bega kwa bega.

AMD imekuwa na ukarimu zaidi. Soketi yake ya AM4 iliyoanza kutumika na Ryzen mwaka 2017 iliendelea hadi mfululizo wa Ryzen 5000, na kuanzia mwaka 2022 hata baadhi ya mazabodi za mwanzo kabisa zilipewa BIOS ya kuzipokea prosesa hizo. Sharti ni kwamba BIOS mpya lazima iwekwe prosesa ya zamani ikiwa bado imo, kwa sababu mazabodi isiyoitambua prosesa mpya haitawaka ili isahihishwe. Na hapa ndipo umeme unapoingia katika hesabu. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi inaweza kufa papo hapo. Fundi wa Mugumu anayeanza kuandika BIOS bila UPS anacheza kamari, na dau analoweka ni mali ya mteja.

Vipande vinavyofuatana

Mfanyabiashara akiamua kubadili mazabodi, ajue kwamba haiji peke yake. RAM ya kompyuta za kizazi cha nne ni DDR3. Kuanzia cha sita soko lilihamia DDR4. Kuanzia cha kumi na mbili ikaingia DDR5. Kila moja ina pengo mahali pake, na haiingii kwenye nafasi ya mwenzake. Kwa hiyo RAM ya zamani inabaki mkononi.

Vilevile pawasaplai. Mazabodi za kawaida za madukani hutumia plagi kubwa ya pini 24. Dell OptiPlex 3020 na 9020 hutumia plagi ya pini 8, na HP EliteDesk 800 G1 ya pini 6. Mwenye Dell anayenunua mazabodi ya kawaida hugundua nyumbani kwamba pawasaplai haichomeki, na mara nyingi kwamba hata kasha lenyewe halina matundu ya skrubu yanayolingana. Kompyuta hizi za ofisi zilitengenezwa zibadilishwe nzima.

Hesabu za mfano

Takwimu zifuatazo ni za kuonyesha njia ya kufikiri tu, si bei za soko. Chukulia mwenye stesheni mjini Tarime ana OptiPlex 9020 yenye i3-4130, RAM ya GB 4 na diski ngumu ya kuzunguka. Kazi yake ni kuchapa, kudurufu na kuwajazia wateja fomu za mtandaoni. Mashine inachukua dakika tano kuwaka, na foleni inamkimbia.

Njia ya kwanza ni prosesa: i7-4790, ya kizazi kilekile cha nne, yenye koa nne badala ya mbili. Inaingia bila shida, ingawa inakula wati 84 badala ya 54, hivyo feni isafishwe vumbi na dawa ya kupitisha joto ipakwe upya. Chukulia prosesa ni sh. 90,000, nauli ya Mwanza kwenda na kurudi sh. 60,000 na fundi sh. 20,000. Jumla ni sh. 170,000, na kompyuta bado haikubali Windows 11. Wala haitawaka haraka zaidi kwa kiasi cha kuonekana, maana kinachochelewesha ni ile diski.

Njia ya pili ni SSD ya sh. 60,000 na RAM ya ziada ya sh. 30,000. Jumla sh. 90,000. Mashine itawaka kwa sekunde, na wateja wataona tofauti siku hiyohiyo. Suala la Windows linabaki palepale, lakini SSD ile ikifika siku itahamishiwa kwenye kompyuta nyingine, jambo lisilowezekana kwa prosesa ya kizazi cha nne ikihamia mashine mpya.

Njia ya tatu ni kubadili mazabodi: sh. 180,000, prosesa ya kizazi cha nane sh. 90,000, RAM ya DDR4 sh. 70,000, pawasaplai sh. 60,000, kasha sh. 40,000. Jumla sh. 440,000, kabla ya fundi na nauli, na nyuma yake rundo la vipande visivyo na mnunuzi wa haraka.

Njia ya nne ni kununua mtumba mzima wa kizazi cha nane, tuseme OptiPlex 3060, kwa sh. 450,000 na kuuza ile ya zamani ikiwa bado inafanya kazi kwa sh. 150,000. Kinachotoka mfukoni ni sh. 300,000. Kwa mwenye kazi za zabuni na kodi, hii ndiyo njia inayosimama vizuri zaidi. Kwa mwenye kuchapa barua na kudurufu, njia ya pili inatosha kwa muda. Njia ya kwanza ina maana pale tu ambapo prosesa yenyewe ndiyo inayozidiwa, kama kwa wahariri wa video za harusi au wachoraji wa ramani za majengo, na prosesa ya kizazi kinacholingana inapatikana karibu.

Bei zinabadilika na kila mmoja ataweka tarakimu zake, lakini nauli isisahaulike. Prosesa isiyolingana iliyonunuliwa Kariakoo ikimfikia mnunuzi wa Mugumu, gharama ya kuirudisha inaweza kukaribia thamani ya kipande chenyewe.

Kununua ng'ambo ya mpaka

Kwa walio karibu na Sirari, Isebania na miji ya Kenya iliyo nyuma yake ni soko la kweli. Wengine hudhani kwamba kila kinachovuka kutoka Kenya kina unafuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kwa shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama. Prosesa za Intel zina maandishi juu ya bamba lake yanayotaja Malaysia, Vietnam, China au Costa Rica, na duka la Kenya haliwezi kuzigeuza kuwa za Kenya. Mnunuzi aulize malipo yanayohusika katika Kituo cha Pamoja cha Mpaka kabla ya safari, na adai risiti inayotaja namba kamili ya prosesa badala ya "processor i5" tu.

Risiti hiyo iandikwe pia muda wa kurudisha. Prosesa yenyewe hufa mara chache, lakini pini za soketi za LGA ziko kwenye mazabodi, nazo hupinda kwa kuguswa kidole. Muuzaji mwangalifu hupiga picha ya soketi mbele ya mteja kabla ya kuifunga. Mnunuzi ambaye hakupigiwa picha hiyo na aipige mwenyewe pale kaunta, tarehe ikionekana.