TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Umesikia kwa nani?



Leo nataka tuongee habari ya simu. Najua kuna watakaosema, "Ustadhi, mbona unaacha aya za saumu unatuletea simu?" Jamani, ndimi zimefunga, vidole havijafunga. Mtu anajizuia kusengenya toka alfajiri mpaka magharibi, halafu saa nane mchana anarusha kwenye magrupu matano meseji ambayo hajui imetoka wapi. Na Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Bukhari, ametufundisha kwamba mtu asiyeachana na uongo, Mwenyezi Mungu hana haja na njaa yake wala kiu yake.

Fungueni Surat Al-Hujurat, aya ya 6. Humo waumini wanaamrishwa kwamba wakiletewa habari na mtu asiyeaminika, waichunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu bila kujua kisha wakabaki na majuto. Wafasiri wengi wanataja kisa chake. Al-Walid bin Uqba alitumwa kwenda kukusanya zaka kwa Banu Mustaliq. Hakufika. Alirudi njiani akasema watu wale wamekataa kutoa na walitaka kumuua. Ilibaki kidogo tu vita vitoke. Kumbe wale watu walikuwa wanamsubiri na zaka yao mkononi. Angalieni vizuri: habari moja, mleta habari mmoja, na hela za zaka ndani yake. Damu ingemwagika kwa sababu ya meseji moja.

Sasa msidhani shida hii imeanza na intaneti. Mwaka 1908, enzi za Wajerumani, kulizuka barua kule Lindi ikasambaa pwani na miji ya bara. Ilidai kwamba Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume kule Madina, ameota ndoto, na katika ndoto hiyo ameonywa kwamba Kiyama kimekaribia, watu watubu. Wajerumani walishtuka sana, maana vita vya Maji Maji vilikuwa vimetoka kuisha. Wanahistoria wanaiita barua ya Makka. Barua za jamii hiyo hazikufa. Wenye umri wangu mnazikumbuka zikija kwa fotokopi: inakili mara kadhaa uwape wenzako, utapata heri, ukiipuuza, utapata msiba. Leo imeingia kwenye simu, ni ile ile, jina la Sheikh Ahmad halijabadilika! Zaidi ya miaka mia moja, na bado hakuna aliyesimama akasema, "Mimi nilimsikia kwa masikio yangu."

Na kila Ramadhani kuna ile orodha ya fadhila za tarawehe usiku kwa usiku, kuanzia wa kwanza hadi wa thelathini. Wataalamu wa hadithi wameshasema haina asili. Kuna na ile inayosema atakayekuwa wa kwanza kuwapa watu habari ya kuingia Ramadhani, moto umeharamishwa kwake. Nayo haina asili. Wanaozirusha ni watu wema kabisa, wanataka thawabu. Hapo ndipo ugumu ulipo.

Wazee wetu wa elimu walilijua tatizo hili mapema. Hadithi ikiletwa, hawakuuliza kwanza, "Inasema nini?" Waliuliza, "Umesikia kwa nani? Na yeye kwa nani?" Huo ndio mnyororo wa wapokezi, isnadi. Kila mtu aliyemo ndani yake alichunguzwa kwa mambo mawili makubwa: uadilifu wake, yaani je, ni mkweli na mcha Mungu, na umakini wake, yaani je, kumbukumbu yake iko sawa, hachanganyi. Mtu angeweza kuwa mcha Mungu kweli kweli na hadithi yake ikaachwa kwa sababu anasahau. Hawakumwonea haya.

Sasa ichukueni mizani hiyo mkaipime akili mnemba, hii ambayo vijana wanaiita AI. ChatGPT ilitolewa kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, na siku hizi hata mtoto wa sekondari anaiuliza mambo ya shule. Jinsi inavyofanya kazi ni hivi, kwa lugha nyepesi. Imelishwa maandishi mengi mno, ikajifunza neno gani huwa linafuata neno gani. Ukiuliza, inapanga maneno yanayoelekea kufaa. Wakati mwingine inatafuta mtandaoni kwanza, wakati mwingine haitafuti, inaunga tu. Ikipatia, inapatia kwa Kiswahili kizuri. Ikikosea, inakosea kwa Kiswahili kile kile kizuri, bila kusita, bila "nadhani". Na lugha zenye maandishi machache, kama Chasu chetu, ndiyo zinaibabaisha zaidi.

Basi uadilifu wake uko wapi? Hauna. Si kwamba ni fasiki. Haina dhambi wala taqwa, haimwogopi Allah wala haimwogopi hakimu. Umakini wake? Unapanda na kushuka. Na ukiiuliza, "Umesikia kwa nani?", inaweza kukutajia kitabu ambacho hakipo. Katika elimu ya hadithi, anayetunga isnadi ana jina baya sana. Mashine haina nia, kwa hiyo hatuwezi kuiita mwongo, lakini hatuwezi kuipokea pia.

Sisi Wapare watani wetu wanatusema kwamba tunapenda kesi, eti Mpare yuko radhi auze ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Haya, sikilizeni kesi hii. Mwaka 2023, mjini New York, mawakili wawili na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000. Walipeleka mahakamani maandishi yaliyotaja kesi za zamani ambazo hazikuwahi kuwepo duniani. ChatGPT ndiyo iliwapa. Watu wasomi, wenye leseni, wakashindwa kufungua kitabu kuhakikisha. Mzee yeyote wa baraza hapa Upare angewauliza swali moja tu: "Shahidi wako yuko wapi?"

Na hapa niwakumbushe mtu wetu, Profesa Isaria Kimambo, Mpare, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare kilitoka 1969. Habari nyingi za huko nyuma hazikuwa zimeandikwa, zilikuwa vichwani mwa wazee. Akazikusanya kutoka koo mbalimbali, akalinganisha ukoo huu unasemaje na ule unasemaje, kwa sababu kila ukoo huwa unajisifu kidogo (tunajijua). Kazi hiyo ni ndugu wa kazi ya wapokezi wa hadithi. Ni ya polepole na inachosha miguu. Kupanda mlima kwenda kumsikiliza mzee si sawa na kubonyeza.

Nisieleweke vibaya. Sisemi akili mnemba ni haramu. Mkulima wa tangawizi kule Mamba akitaka barua ya Kiingereza kwa mnunuzi, imsaidie. Binti anayejiandaa na mtihani wa hesabu aombe ampangiwe maswali ya mazoezi. Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu wa darsa ni hiki: itumie kwa jambo ambalo unaweza kulikagua wewe mwenyewe. Barua unaisoma, unajua kama imesema ulichotaka. Hesabu unaikokotoa upya. Lakini hukumu ya dini, dawa na hela ni mambo matatu ambayo ukikosea unaumia kabla hujagundua.

Chukueni mfano wa mgonjwa wa sukari anayechoma sindano ya insulini. Ramadhani ikikaribia, mwanawe anachukua simu anauliza, "Mama afunge au asifunge?" Jibu linakuja refu, tamu, na hadithi ndani yake na namba ya hadithi. Mama anafurahi, anafunga, kwa sababu anatamani kufunga. Hiyo programu haijui kwamba wiki iliyopita alianguka. Haijui anachoma kiasi gani, wala kwamba daku lake ni chai na kipande cha muhogo. Daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kuyauliza hayo. Sheikh anaweza kuyauliza. Na Allah mwenyewe, katika Surat Al-Baqara aya ya 184 na 185, amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Na ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona, wanazuoni wanasema analisha maskini. Ruhusa hiyo ni sadaka kutoka kwa Mola wetu. Mama yeyote anayetusoma na ana hali hii, tafadhali asiridhike na jibu la simu, wala na hiki ninachoandika mimi. Aende akaonwe na mtu anayemjua.

Upande wa hela, mnaijua ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Inampata anayesubiriwa kutuma kitu kweli, na mwezi huu wote tunatumiana: hela ya futari, zakatul fitri, nguo za watoto. Sasa limeongezeka jambo la sauti. Kwa kipande kifupi cha sauti ya mtu, tuseme ile uliyoweka kwenye stetasi, mashine inaweza kuiga sauti yake ikasema maneno ambayo hakuyasema. Kwa hiyo "nimemsikia mwenyewe" haitoshi tena kuwa ushahidi. Kata simu, mpigie kwenye namba uliyokuwa nayo siku zote. Au muulize kwa Chasu jambo ambalo mnalijua nyumbani tu, jina la utani la babu, mbuzi aliyepotea mwaka ule. Atababaika.

Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea. Anayejifanya mhudumu wa mtandao wa simu kwa namba ya kawaida, kumbuka wahudumu wa kweli hupiga kwa namba 100. Meseji ya tapeli itume 15040, ni namba ya kuripoti ya TCRA. Na piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ikafutwe, maana tapeli akishikwa na laini yenye jina lako, wewe ndiye utakayetafutwa kwanza.

Kazi ya leo, kabla ya futari. Fungua simu yako, tafuta meseji ya mwisho ya dini uliyowarushia watu. Jiulize umeipata kwa nani. Kama ni aya, ilinganishe na tafsiri uliyonayo nyumbani, ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy au ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani. Kama ni hadithi, iandike kwenye karatasi uje nayo. Ukikuta haina asili, rudi kwenye grupu lile lile uwaambie, hata kama kuna wakwe zako humo.

Nitakaa msikitini baada ya tarawehe kwa nusu saa, tutazisoma hizo karatasi pamoja na kitabu mbele yetu. Akina mama mpitishie za kwenu kwa vijana wa madrasa mapema. Wa milimani ambao usafiri ni shida usiku, andikeni hapa chini, nitajibu baada ya alfajiri. Nisichokijua nitakipeleka kwa masheikh na nitawatajia jina la aliyejibu. Kesho in shaa Allah tunaingia kwenye hukumu za zakatul fitri.

Futari njema. Wassalaam alaykum warahmatullaah.