Asili ya Njiwa Manga na Rangi za Manyoya Yao

Ewe mfugaji, huenda umepata kuona katika kiota kinda asiyefanana na wazazi wake, ukamdhania jike kuwa si mwaminifu, ukamchinja. Usifanye haraka, yafaa ujue kwanza asili ya ndege huyu.

Njiwa manga, awe wa kufugwa au yule akaaye ovyo juu ya mapaa ya miji, Mombasa hata London, babu yake ni njiwa wa majabali wa Ulaya, Afrika ya Kaskazini na Asia ya Magharibi. (Manga ni Arabuni, na huko nako yupo; wazee walimpa jina la haki.) Babu huyo ni wa kijivu chenye usamawati, mwenye mistari miwili myeusi katika kila ubawa. Charles Darwin, Mwingereza, aliandika mwaka 1859 kwamba alichanganya njiwa weupe na weusi, na mjukuu mmoja akatoka samawati mwenye mistari, sawasawa na wa majabalini.

Je, wale wenye madoadoa meusi mbawani? Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walionyesha kwamba alama hiyo ilitoka kwa njiwa wa Afrika, yule mwenye ngozi nyekundu kuzunguka macho na vidoa vyeupe mbawani, aliyezaa na njiwa wa kufugwa mamia ya miaka iliyopita.

Basi, madoadoa hushinda mistari, nayo mistari hukaa imefichwa damuni. Wazazi wawili wa madoadoa waweza kuzaa kinda wa mistari, wala jike hana kosa. Lakini wazazi wawili wa mistari hawazai wa madoadoa; ukimwona huyo, mtazame dume wa jirani.

Rangi yenyewe hufuata njia nyingine. Jike huirithi kwa baba tu. Dume huirithi kwa wote wawili, na wekundu hushinda usamawati. Kwa hiyo mwoze dume wa samawati kwa jike wa majivu mwenye mistari myekundu. (Mwekundu mpaka mkiani hafai, ni wa namna nyingine.) Makinda wao wenye wekundu wote ni madume, wasio nao ni majike. Manyoya yakisha kuota utawajua, nawe utachagua madume wa kuuza mapema, maana madume wakizidi majike hupigana viotani na mayai huvunjika. Ukigeuza, dume awe mwekundu na jike samawati, alama hii haipatikani.