Kusaka Upepo Unaovuja Kiwandani

Mimi husaka uvujaji Jumapili, mashine zote zikiwa zimezimwa. Nawasha kompresa, naacha mabomba yajae, kisha nasimama kando yake na saa. Kwa kuwa hakuna anayetumia upepo, kila kompresa inaposukuma inarudishia kilichovuja tu. Napima muda inaosukuma na muda inaopumzika, narudia mara kadhaa nipate wastani. Ikisukuma dakika 2 na kupumzika dakika 6, gawanya 2 kwa 8: asilimia 25 ya uwezo wake inapotea. Hesabu hii haizifai kompresa zinazobadilisha mwendo wa mota. Ukipata namba kubwa usishangae. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema uvujaji huweza kumeza asilimia 20 hadi 30 ya upepo wa kompresa.

Msako wenyewe naanzia kwenye mashine, narudi nyuma. Bomba kubwa la chuma kule juu hulaumiwa bure. Wakosaji halisi ni viungio vya kuchomeka, mipira iliyochakaa, klipu zilizolegea, vichujio, na sili za silinda. Halafu kuna koki ya kutolea maji chini ya tangi: mtu amechoka kuifungua kila zamu, akaiacha wazi kidogo, na sasa inapiga mluzi mwaka mzima. Hiyo ibadilishe kwa ile inayojifungua yenyewe inapohisi maji.

Maji ya sabuni yanatosha kwa kiungio unachokifikia kwa mkono. Kwa kiwanda kikubwa, tafuta kifaa kinachonasa sauti ambazo sikio halizisikii, za karibu kilohezi 40. Ukiwa nacho unaweza kusaka hata katikati ya uzalishaji, kwa sababu kelele nyingi za mashine ziko chini ya hapo. Kamwe usipapase tundu kwa kiganja: upepo wenye presha unaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini.

Kila tundu lifungie kibandiko chenye namba, uandike mahali lilipo na kifaa kinachohitajika. Bila kibandiko, fundi wa zamu inayofuata hatalipata mashine zikishaanza kunguruma. Marekebisho mengi ni madogo: tepu nyeupe ya nyuzi, klipu mpya, oringi, kipande cha mpira. Kabla ya kugusa spana, funga koki, weka kufuli, toa presha yote.

Wengi huishia hapo, halafu wanalalamika bili haikushuka. Ukiziba matundu, presha hupanda, na yaliyobaki yanavuja kwa nguvu zaidi. Kompresa nayo inazunguka bure muda mrefu, na ile ya skrubu hata ikiwa haisukumi hula takriban robo hadi theluthi ya umeme wake. Kwa hiyo teremsha presha kidogo kidogo, na kama kompresa ni mbili, zima moja. Kwa mitambo ya karibu bar 7, kila bar 1 unayopunguza huokoa asilimia 6 hadi 7 hivi ya umeme wa kompresa. Hapo ndipo ninapogombana na wasimamizi wa zamu. Msimamizi akikuambia mashine yake haiendi chini ya bar 8, mwombe akuonyeshe geji ya kwenye mashine yenyewe, si ile ya chumba cha kompresa.